Mtu wa Nyuma ya Trela: Hotuba kwa Madereva na Mataniboi wa Malaba

Wazee wetu wa barabara, madereva wenzangu, mataniboi mnaotusaidia garini na kutuongoza, kina mama mnaotupikia hapa yadi, na wewe afande uliyekubali kukaa nasi saa moja hii, hamjambo? Asanteni kwa kunialika.

Nimeendesha trela kwa miaka 26. Mombasa kwenda Kampala, Kampala kwenda Katuna, kisha misimu kadhaa ya Elegu kuvuka kwenda Juba. Siku hizi ninafundisha vijana. Mliniomba nizungumzie namna ya kulitoa trela mahali palipobana, na sababu naijua. Hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, kama ilivyo Busia na Naluwerere, mtu akipita asubuhi hakosi kuona kichwa, yaani lile gari la mbele linalovuta trela, kimekwama getini au matairi ya nyuma yamezama mtaroni, na watu ishirini wamezunguka, kila mmoja ana amri yake. Nitayasema ya vyuma na ya usukani. Ila siwezi kuanza na vyuma. Naanza na kijana mmoja.

Nilikuwa na mwaka wa tatu tangu nikabidhiwe gari. Tulipeleka mzigo kwenye ghala moja huko Industrial Area, Kampala. Yadi ilikuwa na geti moja. Kushoto kulikuwa na ukuta wa matofali wenye madirisha ya nondo, kulia yamepangwa malori mawili ya Fuso yanasubiri zamu yao. Tuliingia kwa mbele, tukashusha, na nafasi ya kugeuza haikuwepo. Ilibidi nitoke kwa rivasi mpaka barabarani. Wingu la mvua lilikuwa limeshatanda, mwenye ghala anataka kufunga, na yale malori mawili yanapiga honi.

Taniboi wangu alikuwa kijana wa Masaka, miaka 19. Kiswahili alikuwa anajifunza kwangu, na mimi Luganda nilikuwa nalo la kununulia chakula tu. Sikumwonyesha pa kusimama. Hatukukubaliana neno lolote. Nilimwambia tu, "Niangalie huko nyuma," nikaingiza gia.

Akaenda upande wa kushoto, kati ya trela na ukuta, upande ambao mimi dereva nilikuwa namwona nusunusu kwenye kioo. Akaweka mkono wake wa kulia kwenye ubavu wa trela, kama mtu anavyomwongoza ng'ombe kwa kumgusa ubavuni. Mwanzoni kulikuwa na nafasi kushoto, akawa anapiga kelele: "Kkono! Kkono!" Nyie wa Buganda mnajua, hilo ni kushoto. Nami nikapeleka mkia kushoto. Akarudia tena, nami nikaongeza. Mara ya tatu nikasikia sauti ileile, imepanda zaidi, nikadhani anasema niongeze. Nikaongeza.

Alichokuwa anasema ni "Mukono! Mukono gwange!" Mkono wangu.

Injini ilikuwa inanguruma, foku, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, inarudi nyuma mle ghalani na king'ora chake, na sikio langu lilikuwa limeshazoea neno moja, basi likasikia lile ambalo lilikuwa linalitegemea. Nilisimama pale wapagazi walipoanza kupiga mabati ya ghala kwa mikono miwili. Mkono wake ulikuwa umebanwa kati ya reli ya trela na nondo ya dirisha. Alipoteza vidole viwili. Leo analima kahawa kwao na tunasalimiana kwa simu, naye hajawahi kunilaumu hata siku moja. Jambo hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana kosa lilikuwa langu lote. Sikushuka kuangalia. Sikumwambia asimame wapi. Sikumpa maneno. Kisha nikaendelea kurudi nyuma wakati simwoni.

Kwa hiyo ninapokuja mbele yenu kuzungumzia kulitoa trela mahali penye shida, nina jambo moja kubwa: trela hutolewa na watu wawili, na aliye chini ndiye mwenye macho. Mengine yote nitakayosema yanafuata hapo.

Sasa vyuma. Hili tunaloliita gurudumu la tano halina tairi wala halibingiriki. Ni ile sahani nzito yenye grisi mgongoni mwa kichwa, ina mdomo kwa nyuma, na ndani ya mdomo kuna taya zinazoishika kingpini, ile pini ya chuma iliyo chini ya trela kwa mbele. Jina lilitoka kwenye magari ya kukokotwa na farasi. Mafundi wa zamani waliweka pete ya duara, imelala, juu ya ekseli ya mbele, ili ekseli igeuke na mwili wa gari ubaki juu yake. Magurudumu manne yako chini, lile lililolala likaitwa la tano. Mwaka 1914 kule Detroit, Marekani, mhunzi aitwaye August Fruehauf alimtengenezea mfanyabiashara wa mbao trela la kubebea mashua, likavutwa na Ford Model T. Mfanyabiashara akalipenda, akaagiza mengine ya kubebea mbao. Kazi yetu hii ina miaka zaidi ya 100, na bado inazunguka palepale, kwenye pini ya chuma yenye unene wa inchi 2.

Fikirini hilo kidogo. Kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12.2. Mzigo wote huo unageukia kwenye pini yenye unene wa milimita 50 tu, na kule nyuma kuna ekseli tatu ambazo hazina usukani. Hazigeuki. Zinafuata. Ukienda mbele na kukata kona, haziendi njia ya kichwa, zinapita ndani zaidi. Hapo ndipo nguzo za geti zinapogongwa: kichwa kimetoka salama, dereva ameshapumua, na tairi la nyuma ndiyo kwanza linapanda jiwe la geti. Dawa yake ni kuvumilia. Toka moja kwa moja, toka zaidi ya moyo unavyotaka, mpaka ekseli za trela zikaribie nguzo, ndipo ukate kona. Kama barabara ya mbele ni nyembamba na huwezi kutoka kiasi hicho, basi hiyo si kona ya kukata mara moja. Utaikata kwa vipande, mbele kidogo, nyuma kidogo.

Na mkia nao una tabia yake. Ile sehemu ya trela iliyozidi nyuma ya ekseli hutupwa upande wa pili. Ukikata kulia, kona ya nyuma ya kushoto inatoka nje kidogo. Kama kushoto pana ukuta umbali wa kiganja, kiganja hicho utakimaliza.

Mmewahi kusimama karibu na trela lililobeba likikunjwa palepale? Sikilizeni siku moja. Lami inalia. Tairi la ekseli ya kwanza linasukumwa upande mmoja, la ekseli ya tatu linaburuzwa upande mwingine, ubavu wa tairi unavimba, na chini inabaki alama nyeusi ya mpira. Kwa sheria ya Afrika Mashariki ekseli hizo tatu zinaruhusiwa kubeba pamoja tani 24. Ukiburuza tani 24 kwa ubavu, tairi linakatika nyuzi ndani bila wewe kuona, kisha linakupasukia wiki ijayo ukiteremka kuelekea Jinja, na utamlaumu aliyekuuzia tairi. Basi hata mkunjo wenyewe uwe na kipimo. Kichwa na trela vikikaribia kufanya pembe ya mraba, acha. Ukizidisha hapo, kona ya kibini cha dereva inagonga uso wa trela na mipira ya upepo wa breki inakatika. Ikikatika mipira, trela linashika breki lenyewe, na sasa umekwama kweli, umeziba geti, na fundi yuko Tororo.

Kabla ya hayo yote kuna kushuka. Weka breki ya mkono, washa hazadi, zile taa za tahadhari, shuka. Zunguka gari lote kwa miguu, wewe na taniboi, pamoja. Dereva asimtume taniboi akabaki kwenye kiti anaangalia simu. Mwendo huo ni wa dakika tatu.

Angalieni juu kwanza, kwa sababu juu ndiko tunakosahau. Yale makontena marefu yana mita 2.9, yakikaa juu ya chesisi ya trela yanavuka mita 4. Nyaya za umeme zilizolegea, paa la mabati la kibanda cha rolex, zile chapati za mayai, tawi la mwembe, bango la duka. Ulipoingia ulipita katikati ya barabara, waya ulikuwa juu. Unapotoka kwa kurudi pembeni, waya uleule uko chini zaidi karibu na nguzo.

Kisha angalieni chini. Mitaro yetu ya mijini imefunikwa kwa slabu za zege, na slabu hizo ziliwekwa kwa ajili ya watu na bodaboda. Hazikuwekwa kwa ajili yako. Ukiona ufa, au ukikanyaga kwa kisigino ukasikia mlio mtupu, hesabu kwamba hapo hapapitiki. Kwenye murram, barabara ya udongo, baada ya mvua, chukua chuma cha jeki ukichomeke ardhini. Kikizama kwa nguvu ya mkono mmoja tu, tairi nalo litazama. Mataniboi, jambo hili lifanyeni hata kama dereva hajawatuma.

Kisha chini ya trela lenyewe. Tunajua sote kivuli kizuri cha yadi saa nane mchana kiko wapi. Kiko chini ya trela. Taniboi wa gari la jirani ametandika boksi analala. Mama anayeuza chai ameegemeza kikapu kwenye tairi. Mtoto amefuata kuku. Inama, uangalie kwa macho yako. Honi peke yake haitoshi, maana hapa honi zinalia kutwa na hakuna anayeamka kwa honi.

Naja sasa kwenye maneno, na hapa naomba mnisikilize vizuri.

Barabara yetu hii ina lugha nyingi. Ukitoka hapa unasikia Kiteso, mbele kidogo Kidhopadhola, unafika Iganga ni Lusoga, Kampala Luganda, Mbarara Runyankole, Elegu Kiacholi. Dereva anaweza kuwa Msomali wa Garissa na taniboi wake Mgisu wa Mbale. Kinachotukutanisha ni Kiswahili. Katiba yetu ya Uganda ilikifanya lugha rasmi ya pili tangu 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kitumike na kifundishwe. Lakini sisi wa barabara hatukungoja mtu atupitishie, tulikuwa nacho kila siku. Basi tukitumie kwa kazi. Kabla ya kuingiza gia, wewe na mwenzako mseme maneno mtakayotumia, kwa sauti, kila mmoja ayarudie. Maneno manne yanatosha: njoo, polepole, simama, na la nne ni mahali.

Kwa nini nasema mahali badala ya kushoto na kulia? Kwa sababu dereva anaangalia mbele, na taniboi mara anamwangalia dereva, mara anageuka kuangalia nyuma. Akigeuka, kushoto kwa mmoja ni kulia kwa mwingine, na wakati wa presha hakuna anayekumbuka walikubaliana kushoto ni kwa nani. Tajeni vitu. "Mkia uende ukutani." "Mkia uende kwenye Fuso." "Mkia uende kwa mwembe." Ukuta hauna kushoto wala kulia. Ungekuwa ndio utaratibu wetu siku ile Kampala, yule kijana angesema "ukuta, ukuta," na neno mkono lingesikika kuwa ni mkono.

Neno simama ni la kila mtu. Mpita njia akisema simama, simama. Mtoto akisema simama, simama. Akiwa amekosea, umepoteza nusu dakika. Lakini neno njoo ni la mtu mmoja tu, yule mliyekubaliana. Wakija kumi wakaanza "njoo, njoo, mzee, njoo bado," wasikilize kwa adabu, wala usiwafuate. Hawajui trela lako, na likigonga hawatakuwepo.

Ishara za mikono ziwe kubwa. Mkono mzima unyooke, usiwe wa vidole. Viganja viwili juu ni simama. Usiku tumia tochi, imulike ardhini au ukuta unaotaka dereva auone, usimmulike machoni wala kwenye kioo. Na simu? Siku hizi vijana wanapigiana simu mmoja akiwa nyuma. Siipendi. Sauti ya simu huchelewa. Neno simama likichelewa sekunde mbili, hata kwa mwendo wa mtu anayetembea, trela limeshakwenda mita mbili, na mita mbili pale yadini ni duka la mtu.

Taniboi asimame wapi? Kona ya nyuma, upande wa dereva, mbali kidogo na trela, mahali ambapo akiangalia anaona kioo cha dereva na uso wa dereva ndani yake. Usipouona uso wangu kwenye kioo, jua na mimi sikuoni. Usitembee kinyumenyume, utajikwaa. Usiweke mkono kwenye trela. Na kati ya trela na ukuta, hapana. Hata iwe mita tatu. Ikibidi uangalie upande wa pili, nionyeshe simama, nisimame, kisha upite mbele ya kichwa ninapokuona, usipite nyuma. Nawe dereva, taniboi akitoka kwenye kioo, mguu uko kwenye breki. Usihesabu hata moja. Hukumwona, umesimama.

Basi tuingie kwenye usukani. Hapa Uganda tunakaa kulia, kwa hiyo kulia ndiko kwenye macho yetu. Ukiweza kuchagua, panga gari ili mkia ukunjie kulia. Unatoa kichwa dirishani na unaona tairi la mwisho. Kukunjia kushoto ni kurudi ndani ya giza, una kipande cha kioo tu, na kichwa kikikunjana kioo kinakuonyesha ubavu wa kontena. Mara nyingi mtu akizunguka mtaa mzima aje kwa upande wa pili, anatumia dakika kumi na kuokoa saa tatu.

Wanaoanza huhangaika na kinyume cha rivasi: usukani kulia, mkia unakwenda kushoto. Nawafundisha hivi. Shika usukani chini kabisa, pale karibu na tumbo. Mkono ukiupeleka kushoto, mkia unakwenda kushoto. Mkono ukiupeleka kulia, mkia unakwenda kulia. Akili haina tena haja ya kupindua kitu. Zungusha kidogo, subiri. Trela refu halijibu papo hapo, na kosa la wengi ni kuongeza usukani kwa sababu hawajaona kitu bado. Likija, linakuja lote kwa pamoja. Ukiona mkia umeanza kwenda unakotaka, anza mapema kuurudisha usukani ili kichwa kifuate trela, vinginevyo vitaendelea kukunjana mpaka mwisho.

Ikikataa, usilazimishe ukiwa umekunja. Nenda mbele unyooshe, uanze tena. Nimewaona madereva wazuri sana wakinyoosha mara nane mahali pamoja. Kila ukienda mbele na kurudi unapata upana wa kiganja kimoja, hata viwili, na viganja sita ndiyo nguzo umeipita. Gia ya chini kabisa, mguu utoke kwenye mafuta. Na uangalie geji ya upepo, maana mbele-nyuma nyingi zinakula upepo wa breki kuliko tunavyodhani.

Kuna mahali ambapo hata mara nane hazisaidii. Pale kuna njia ambayo vijana wengi wanaiogopa: kulifungua trela, kutoa kichwa peke yake, na kurudi kulishika kwa pembe nyingine. Ni njia halali, nimeitumia Lukaya na nimeitumia hapahapa. Lakini ina masharti. Mahali pawe tambarare. Kwenye mteremko usithubutu. Breki ya trela ishike, vigingi vya magurudumu viwekwe. Kisha miguu ya trela ishushwe juu ya mbao nene, maana nyayo za miguu ile ni ndogo na trela lililobeba litaisukuma ndani ya murram kama sindano. Baada ya hapo mipira ya upepo na waya wa taa, ndipo uvute mkono wa taya, ndipo usogee mbele kidogo kidogo.

Wakati wa kurudi ndipo watu wanapoumia na mali inapoanguka. Shuka upime urefu kwa macho. Sahani iguse chini ya trela na kuliinua kidogo sana. Trela likiwa juu mno, kingpini itapita juu ya taya au itakaa ukingoni, na utafikiri umeshika kumbe hujashika. Ikisikika "tak," usiamini mlio. Ingiza gia ya mbele uvute kidogo, trela likiwa limeshika breki, lione kama linakataa kuachia. Kisha chukua tochi, ingia chini, uangalie taya zimeizunguka kingpini yote na hakuna mwanga kati ya sahani na trela. Nguo itachafuka kwa grisi. Taniboi naye aangalie, kwa macho yake mwenyewe, akuambie ameona. Ndipo unainua miguu. Na mawe mliyotumia kuzuia magurudumu yarudishwe pembeni, nawaomba sana. Mawe na matawi tunayoyaacha barabarani yanaua watu wa bodaboda usiku.

Tope nitalisema kwa kifupi, kwa kuwa wengi mnalijua. Magurudumu yakianza kuzunguka bila kwenda, acha mafuta papo hapo. Kila mzunguko unachimba kaburi. Difu loki, ile inayofunga magurudumu ya kichwa yazunguke pamoja, ni ya kunyooka na polepole, ukiwa umeifunga usikate kona. Chukua jembe, chimba mbele ya matairi, weka kokoto au magunia. Akija mtu kukuvuta, mnyororo ufungwe kwenye jicho la kuvutia la kichwa, usifungwe kwenye bampa wala ekseli ya mbele, na kila mtu aondoke kando, mbali kuliko urefu wa mnyororo wenyewe. Mnyororo ukikatika chini ya mvuto hauna onyo.

Na kama unavuta tanki la mafuta, mengi niliyosema hayakuhusu. Likiegemea mtaroni, usijaribu ujuzi wako. Zima injini, ondoa watu, piga simu polisi na zima moto, ngoja brekidauni, gari la kuvuta, yenye uwezo. Namungoona, Kampala, Juni 2013, tanki lilipata ajali, watu wakakimbilia kuchota mafuta, moto ukawaka. Walikufa zaidi ya 30. Wale walikuwa majirani, vijana wa bodaboda, watu kama tulio nao hapa asubuhi hii. Taniboi wa tanki kazi yake ya kwanza siku hiyo ni kuzuia umati usogee, kabla hata ya kufikiria gari.

Najua mtaniambia nini. Mtaniambia, mzee, haya yote yanataka muda, na mwenye gari anapiga simu kila dakika tano, na nyuma kuna foleni. Nilikuwepo Januari 2022, foleni ya Malaba ilipofika mbali ndani ya Kenya kwa ajili ya vipimo vya korona. Niliona dereva aliyechoka kungoja akajaribu kugeuza trela lililobeba katikati ya ile barabara. Aliingiza ekseli za nyuma mtaroni na kuziba pande zote mbili. Gari la wagonjwa lililotaka kupita likashindwa. Nilimwona yule dereva amekaa chini kwenye nyasi, ameshika kichwa, na simu yake inalia mfukoni, haipokei. Sikuweza kumgombeza. Nilimpa maji.

Mwenye gari akipiga simu, mwambie: nimeshuka, naangalia njia. Sema kwa heshima, kisha ukate. Wenye magari mlio hapa, na nawaona wawili, nawaomba mtupe hizo dakika tatu bila maneno. Na taniboi mumlipe kama mtu anayefanya nusu ya kazi. Kijana anayelipwa posho ya chai, amelala saa mbili chini ya trela, hajawahi kufundishwa ishara hata moja, ndiye mnayemkabidhi mali ya mamilioni pale nyuma. Mnunulieni tochi na jaketi ya kung'aa.

Nimesema vya kutosha. Nje pale kuna trela moja, halina mzigo, nimeomba waliingize kati ya lile banda na mti wa mwembe kwa makusudi. Tutalitoa sote. Mataniboi, nyie mtangulie. Zungukeni gari, muangalie juu, chini na chini ya trela, kisha mje mtuambie madereva maneno mtakayotumia. Sisi tutakaa kwenye viti tuyarudie mpaka mridhike. Hakuna atakayewasha injini kabla ya kusikia "njoo" kutoka kwenu.